Choo kina ukoko wa njano hautoki? Acheni asidi za mtaani, njia zisizoua shimo wala mapafu ni hizi

BintiUsafi:

Wakuu habari za mihangaiko.

Naona kule kwenye uzi wa wapangaji watu wanashauriana eti choo kikigoma kung'aa nunua ile asidi wanayotembeza vijana kwenye chupa za maji ya kunywa, mwaga, funga mlango, rudi baada ya dakika kumi. Nikasema hapana, hapa nafungua uzi kabisa, maana hii ndo kazi inayonilisha. Nasafisha nyumba wapangaji wakihama na hizi za wageni wa siku mbili tatu, Dar na mara mojamoja Unguja, na vyoo ndo vinakula muda kuliko kitu chochote.

Kinachowashinda wengi sio uchafu. Uchafu wa kawaida unatoka na sabuni ya unga kidogo na brashi, imeisha hiyo. Kinachogoma ni chokaa. Maji yetu ya visima, haswa ukanda wa pwani ambako chini ni mawe ya matumbawe, yanakuja na kalsiamu kibao, ndo hiyohiyo mnayoiona imeganda ndani ya birika la umeme. Kila ukiflashi inabaki tabaka nyembamba, juu yake mkojo nao unaacha madini yake, juu yake kutu ya maji au ya mabomba ya zamani, mwisho wa siku unapata ukoko wa njano au kahawia, na hilo ni jiwe kweli sio utani. Sasa jiwe hulitoi kwa sabuni na wala hulitoi kwa jiki. Jiki inapausha rangi tu, leo unaona peupe unashangilia, wiki ijayo rangi imerudi maana jiwe liko palepale linadaka uchafu upya.

Hapo ndo watu wanakimbilia asidi. Nyingi ni haidrokloriki, chupa haina lebo hujui hata ni asilimia ngapi, na kuna wengine wanamwaga maji ya betri kabisa. Inayeyusha jiwe, sikatai, ila haichagui. Inakula grauti kati ya vigae, inakula saruji, mvuke wake tu unachubua koki na bawaba za mlango, na mwenye sakafu ya teraso ndo usiseme. Halafu ukishaflashi inaenda wapi? Nyumba nyingi za Dar haziko kwenye bomba la majitaka, ni septiki na sokaweli (shimo la kunyonyea maji yanayotoka septiki) hapohapo uani na hatua chache mbele kuna kisima cha jirani.

Mimi natumia ndimu ya unga. Ile ile ya kwenye bajia na achari, maduka ya viungo ipo ya kupima. Ni asidi ya sitriki, jiwe la chokaa linayeyuka nayo vizuri tu, tofauti ni kwamba inataka muda. Na hapo ndo siri yote ilipo wakuu, unachokosa kwenye ukali unakifidia kwenye muda.

Fanya jioni watu wakishamaliza kuoga. Kwanza punguza maji yaliyosimama ndani ya sinki la choo, chukua ndoo imwage kwa kishindo au sukuma kwa brashi mpaka yashuke, ukoko ubaki wazi. Watu wanaruka hii hatua halafu wanasema dawa haifanyi kazi, wakati wameizimua na lita mbili za maji. Vijiko vikubwa vitano sita vya ndimu ya unga kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu. Vuguvugu nasema, sio ya kuchemka, kauri ikipata maji ya moto ghafla inapasuka na mwenye nyumba hatakuelewa. Mimina taratibu kuzunguka. Pale chini ya mdomo wa sinki yanapotokea maji ndo pabaya zaidi na dawa haikai, chukua tishu, ichovye, ibandike pale juu mzunguko mzima. Sogeza sikio utasikia kabisa inachacharika, vipovu vidogovidogo vinapanda, hiyo ni chokaa inaachia gesi. Acha mpaka asubuhi.

Asubuhi toa zile tishu utupe kwenye ndoo ya taka usiziflashi kwa pamoja zitaziba. Sugua. Ukoko unatoka laini kama uji mzito wenye rangi ya mchanga. Ukiwa wa miaka mingi hautatoka wote, rudia usiku mwingine, usilazimishe kwa stilwaya wala msasa wa dukani. Stilwaya inachuna ule mng'ao wa kauri, na kauri ikishachunwa itashika uchafu maisha yake yote hakuna dawa. Bibi zetu walikuwa na makumbi ya nazi na majani ya mti wa msasa, makumbi mpaka leo natumia kwenye vyoo vya kuchuchumaa, yanaingia kwenye vile vijimifereji vya kukanyagia kuliko brashi yoyote ya dukani, na yakiisha unatupa shambani yanaoza.

Siki nyeupe nayo inafanya kazi hiyohiyo ila ni dhaifu zaidi, nyingi ni asilimia 5 hivi, na inanuka. Inafaa choo ambacho ukoko ndo kwanza unaanza.

Na kitu cha mwisho ambacho hakina hata dawa. Kama una mstari mmoja wa kahawia unaoshuka kutoka juu mpaka kwenye maji, mahali palepale kila siku, hilo sio suala la usafi, flashi inavuja. Raba ya ndani ya tanki imechoka, maji yanatiririka usiku na mchana yanachora. Weka rangi ya keki au juisi nzito ya rozela ndani ya tanki, usiflashi, kaa nusu saa. Ukiona rangi imeshuka kwenye sinki kabadili raba, la sivyo utasugua mpaka uzeeke na bili ya maji inapanda.

Nawasilisha.

Kijana wa Goba:

Dada asante kwa madini. Sasa mbona kule Tiktok wanachanganya siki na bekingi soda povu linafumka mpaka juu choo kinakuwa cheupe? Mke wangu ndo anavyofanya kila jumamosi.

BintiUsafi:

Kaka lile povu ni burudani ya macho tu. Siki ni asidi, bekingi soda ni alkali, ukizikutanisha zinauana, kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi na gesi imepaa. Yaani umenunua vitu viwili ukavigeuza maji. Povu linaweza kusukuma vumbi kidogo lakini jiwe halijaguswa.

Mwambie shemeji avitumie mbalimbali. Bekingi soda peke yake ni nzuri sana kwenye kiti cha plastiki, mfuniko, na ile sehemu ya nyuma penye bawaba ambako mkojo unajificha na ndo harufu inakotoka. Nyunyiza kwenye kitambaa kibichi, sugua, futa. Ina mikwaruzo midogo sana haichubui. Siki au ndimu ya unga ndo ya kwenye ukoko. Akitaka zote basi siki usiku, flashi, bekingi soda asubuhi.

MzeeSokaweli:

Binti umesema vizuri, mimi niko upande wa pili wa bomba, nachimba na kukarabati mashimo, acha niongezee.

Shimo la septiki ni kiumbe hai. Kinachofanya kazi mle ndani ni bakteria wasiohitaji hewa, wanakula kile kigumu kikawa kimiminika, kimiminika kinaenda sokaweli kinanyonywa na udongo. Ukiwaua hawa, kigumu kinabaki kigumu, kinajaa, kikizidi kinavuka kwenda sokaweli kinaziba vitundu vya udongo, na sokaweli ikishaziba gari la kunyonya litakuwa linakuja kwako kila mara kama ndugu.

Ila tusitishane. Kifuniko kimoja cha jiki hakiui shimo la lita elfu kadhaa, kinazimuliwa na kinaishia kwenye uchafu wenyewe. Tatizo ni mazoea. Nyumba ya wapangaji vyumba kumi, kila mpangaji ana zamu yake ya usafi, kila mmoja anamwaga nusu chupa ili asisemwe, na shimo lenyewe dogo. Hapo kweli nafungua mfuniko nakuta maji ya juu masafi yananuka kemikali na chini zege.

Halafu kuna hizi dawa za unga wanauza eti bakteria wa kupunguza shimo, weka kijiko usahau kunyonya miaka mitano. Watu wa Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal kule Durban waliwahi kuzipima kwenye vyoo vya shimo na hawakuona tofauti ya maana kati ya shimo lililowekewa na lisilowekewa. Bakteria mle wamejaa tayari, kinyesi chenyewe kinawaleta, unaongeza wachache kwenye mamilioni. Pesa yako weka akiba ya gari la kunyonya.

Mama Nasra:

Mimi niko Tanga vijijini jamani hayo ya sinki na flashi hayatuhusu, choo chetu cha shimo. Sisi ni majivu tu toka enzi, ukimaliza unamwaga kopo la majivu, harufu hakuna na nzi wanapungua. Je ni sawa au nayo tunaharibu?

MzeeSokaweli:

Mama hapo uko sawa kabisa. Majivu yanakausha na ni alkali, nzi hawapendi kutaga pakavu. Mwaga tu, ila yakiwa yamepoa, kuna watu wameunguza vyoo vya makuti kwa majivu yenye kaa la moto ndani. Na uyapime, maana nayo yanachukua nafasi shimoni.

Onyo kwa wa mjini wanaosoma hapa, hii ni ya choo kikavu cha shimo PEKE YAKE. Usichukue majivu ukamwaga kwenye choo cha maji, yanatuama kwenye kona ya bomba yanaganda, mimi ndo ntakuja kuitwa.

Na mama kama harufu bado inasumbua, weka bomba la kupumulia. Bomba refu kutoka shimoni lipite juu ya paa, juu kabisa funga wavu. Upepo ukipita juu ya bomba unavuta hewa ya shimoni, harufu inapaa huko juu, na nzi waliomo ndani wanafuata mwanga wa bomba wanakwama kwenye wavu wanafia hapo. Hicho choo kilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, kule wanakiita choo cha Blair. Kibanda kiwe na giza kidogo ndani, ukiacha wazi jua linaingia nzi watafuata mwanga wa mlangoni badala ya bomba.

Bwana Kavu:

Kwetu wazee wanamwaga mafuta ya taa au oili chafu ya gereji, mende na mbu wote kwisha habari. Mnalisemeaje hilo?

MzeeSokaweli:

Unalimwaga shimoni, unalinywa kisimani. Oili haiozi kirahisi na shimo halina sakafu.

mtu_wa_Makunduchi:

Hapo kwenye mbu niingie kidogo. Mbu wa kwenye mashimo ya vyoo ni kuleksi, sio yule wa malaria, huyu ndo alikuwa anatuletea matende. Kwetu Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walikuja wakamimina vipunje vya povu jeupe, lile la kwenye maboksi ya tivii, ndani ya vyoo vyenye maji. Vinaelea juu vinatengeneza blanketi, mbu hawezi kutaga, na viluwiluwi vilivyomo chini vinakosa pumzi. Hapohapo watu wakagawiwa dawa za matende. Mbu walipungua kweli na vile vipunje vilikaa muda mrefu sana bila kuongezwa.

Najua mtasema ni plastiki. Ni plastiki ndio. Lakini kati ya hiyo na oili ya gereji kwenye kisiwa ambacho chini yake ni jiwe lenye matundu na maji ya kunywa yapo humohumo mimi nachagua povu.

Kijana wa Goba:

Hii sijawahi kuisikia aisee. Uzi umekuwa darasa

Mpinzani Halisi:

Wakuu mnaongea ukoko na harufu, mmesahau vijidudu. Siki na ndimu si za kutegemea kuua kipindupindu. Mkiwaambia watu waache jiki mnaua watu. Mazingira baadaye, afya kwanza.

NesiWaZamu:

Mpinzani una hoja nusu. Kusafisha na kuua vijidudu ni kazi mbili. Siku za kawaida, nyumba haina mgonjwa, choo kilichosuguliwa kwa sabuni na watu wananawa mikono kwa sabuni wakitoka, inatosha. Maambukizi mengi yanapita mikononi sio kwenye sinki, kwa hiyo kama una nguvu ya kusugua kitu kila siku sugua kitasa cha mlango, kitufe cha flashi, koki na kopo la kutawazia.

Mgonjwa wa kuhara akiwepo au mtaa umetangazwa kipindupindu, hapo klorini ni lazima na hakuna cha ndimu. Fuata vipimo vya maafisa afya wa eneo lako usikadirie kwa macho, na sugua kwa sabuni kwanza ndo uweke jiki maana klorini ikikuta uchafu inaishia kwenye uchafu.

Mambo matatu ambayo naomba yakae hapa:

Moja, jiki na asidi yoyote HAPANA. Hata siki, hata ndimu ya unga. Inatoka gesi ya klorini, ndo ile walipigana nayo kule Ypres Ubelgiji mwaka 1915, na chooni hakuna dirisha la maana. Tunawapata watu wa hivi hospitali, wengi ni mabinti wa kazi, ametumwa king'ae akaona bora achanganye vyote. Jiki kwenye mkojo uliotuama pia inatoa hewa ya kuwasha macho na kifua, flashi kwanza.

Mbili, mnaotaka kuua vijidudu bila klorini, ulizeni haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 famasi, ile ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Inavunjika inakuwa maji na oksijeni. Nyunyiza juu ya kiti na mfuniko, acha dakika kumi, futa. Nayo usichanganye na siki kwenye chupa moja.

Tatu, naftalini. Zile gololi nyeupe mnazining'iniza chooni na kwenye masinki ya kukojolea ya wanaume. Huku kwetu kuna watu wengi wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ni jambo la kawaida kwenye nchi zenye malaria, na naftalini kwao inapasua chembe nyekundu za damu, haswa vichanga. Mtoto mchanga ndani ya nyumba, gololi zote nje, chooni na kabatini. Na mtoto mkubwa anaidhania pipi.

Mpinzani Halisi:

Hapo sawa nesi, naondoa shilingi yangu taratibu. Ila harufu tufanyeje sasa bila naftalini

Mama Nasra:

Udi si upo

BintiUsafi:

😂 Mama Nasra kamaliza. Ila tukiwa siriasi, harufu ukiifukiza bila kutoa chanzo unapata harufu mbili. Kama choo ni kisafi na bado kinanuka angalia ile kona ya bomba inayoshika maji chini ya sakafu pale pa kuogea, chumba kisichotumika muda mrefu yale maji yanakauka na harufu ya shimo inapanda moja kwa moja. Mwaga kopo mbili za maji. Nyumba za wageni napata hii sana mwenye nyumba anaanza kununua mapafyumu.

Swaleh wa Msa:

Maashaallah uzi mzuri, hapa Mombasa nyumba yetu ni ya zamani, sakafu ya chooni ni teraso na choo chenyewe ni cha kuchuchumaa cha kauri kimeshikana nayo. Dada umesema asidi inakula teraso. Hiyo ndimu ya unga je, si nayo ni asidi?

BintiUsafi:

Kaka Swaleh swali zuri. Ndiyo, nayo inakula, teraso ni saruji na vipande vya marumaru, na marumaru ni jiwe lilelile la chokaa tunalotaka kuliondoa, asidi haijui lipi ni pambo. Hata siki, hata ndimu mbichi ukiacha ikakaa, utaona pamepauka pamekuwa na kijivu.

Kwenye teraso tumia sabuni ya mche iliyokunwa kwenye maji ya vuguvugu na makumbi, basi. Kwenye lile bakuli la kauri ndo utumie ndimu ya unga lakini usimwage, fanya uji. Changanya na maji kidogo sana mpaka iwe nzito, paka kwa brashi ya zamani ya mswaki juu ya ukoko tu, funika na tishu mbichi isikauke, na mzunguko wa nje pale kauri inapokutana na teraso mwagia maji kwanza iwe imelowa ili tone likidondoka lizimuliwe. Usiache usiku kucha kwako wewe, kaa saa moja mbili ukiwa unapita kuangalia, suuza kwa maji mengi, rudia kesho yake.

Swaleh wa Msa:

Shukran dada, naanza leo. Na hiyo ndimu ya unga ikibaki naihifadhi vipi, mke wangu anaitumia jikoni

BintiUsafi:

Gawanyeni mapema kaka. Ya chooni weka kopo lake, andika CHOO kwa maka peni, na isikae karibu na sukari maana zinafanana mno, chai ya mgeni itaharibika. Iwe pakavu, ikipata unyevu inashikana donge. Na ukikoroga koroga ya siku hiyohiyo tu usiweke kwenye chupa ya maji ya kunywa, hapo tutakuwa tumerudi kulekule kwa vijana wa asidi.

Picha za kabla na baada nitaweka jioni nikitoka site, kuna choo cha Kinyerezi nimekibandika tishu tangu jana, bando likiruhusu.